Kakao Mkononi mwa Keziya

"Keziya, hujasikia? Ghala la kakao limepata tajiri, wanarudisha watu kazini. Wewe unangoja nini?" jirani alimuuliza.

Asubuhi Keziya alimshukuru Mungu, akavaa gauni la kanisani, akatoka kwao Ndandalo kwa miguu hadi ghalani. Miaka kumi na mmoja alipima ubora wa kakao kwenye ghala lile kwa mshahara wa mwezi, hadi chama cha ushirika kilicholimiliki kilipokufa.

Tajiri alimpa konzi ya punje za kakao. Keziya akaifumba ngumini, akaiminya karibu na sikio. Haikulia.

"Bado mbichi. Irudi juani siku mbili."

"Ndaga, asante mama! Sikio hilo!" Tajiri akawaonyesha wapwa zake wawili wenye kalamu na daftari jipya. "Wafundishe wiki moja. Ndio wapimaji wangu."

"Na mimi?"

"Utafagia. Kibarua cha siku. Hili ni soko huria, mama, shukuru umepata."

Mpwa mmoja akasogeza sikio, akitabasamu. "Haya bibi, nifundishe."

Keziya alikaza ngumi mpaka kakao ikapondeka ikawa uji. Akayatazama magunia yaliyopangwa hadi darini, ambayo hapo ndani hakuna mwingine aliyejua kuyasikiliza.

Akaumwaga ule uji juu ya daftari jipya la tajiri, akatoka.