Kipa Aliyejua Upande

Kipa wa Muleba aliruka kushoto kabla Mujuni hajaugusa mpira. Penalti ikadakwa kirahisi, na timu ya shule ikarudi Bukoba imenuna.

Ilikuwa mara ya pili. Kuna mtu alikuwa anatoa siri za mazoezi, na mazoezini waliruhusiwa waandishi wawili tu wa gazeti la ukutani, Agnetha na Klaudia.

Klaudia hakuumiza kichwa. Agnetha! Yule ambaye habari zake husomwa hata na wapishi, huku za Klaudia zikibanduliwa na upepo. Walimu wanamwita "mwandishi wetu." Na yeye Klaudia ni wa nani? Kwa wivu, akawa hali hata ndizi za mama yake.

Aliyemsikiliza mpaka mwisho alikuwa bibi yake wa Buganguzi tu. Kila Ijumaa Klaudia alimpigia simu akijigamba: nani kapangwa, nani anaumwa goti, na jinsi alivyoyaona yote kabla ya Agnetha.

"Rudia, mjukuu wangu," Bibi humwambia. "Masikio yamezeeka."

Naye hurudia, moyo ukipoa.

Jumapili, baada ya misa, Klaudia alimwona Agnetha akimpa nahodha wa Muleba kifurushi cha jani la mgomba. Akapiga picha. Jumatatu ilikuwa ukutani, na kichwa chake: KIKULACHO KI NGUONI MWETU.

"Nahodha wao Dastan ni mtoto wa shangazi yangu!" Agnetha alilia mbele ya mwalimu. "Nilimpelekea senene wa kukaanga!"

Hakuna aliyemwamini. Alivuliwa kitambulisho cha uandishi, na uhariri akapewa Klaudia. Usiku huo Klaudia alikula ndizi sahani mbili.

Ijumaa, kesho yake ikiwa fainali na haohao Muleba, alipiga simu akicheka.

"Waitu Bibi, mhariri sasa ni mimi! Msaliti tumemtimua. Na kesho Mujuni anabadilisha, atapiga kulia."

"Hongera, mwana wange!" Bibi alipaza sauti, na nyuma yake wanaume wakapiga makofi. "Unasikia? Tangu niwaambie mjukuu wangu ni mwandishi, Ijumaa nyumba inajaa wageni. Simu naiweka sauti kubwa, nawapa punje za kahawa watafune, tunakusikiliza wote. Hata mwalimu wa timu yetu ya Muleba hakosi. Huyu hapa, anaomba urudie: umesema kulia?"