Hakuna Mlio

Baba alizikwa Jumanne asubuhi, na jioni modemu, inayoingiza kompyuta mtandaoni kwa waya wa simu, ikagoma. Binti yake alitaka kumpa habari kaka yake baharia, ambaye akiwa melini hupatikana kwa barua pepe tu.

Alibadilisha waya. Akaandika upya namba ya kupiga, akazima kompyuta, akaiwasha. Jibu likawa lile lile: hakuna mlio wa simu. Akakuna kichwa. Mbona jana iliunganisha vizuri?

"Mama, umegusa simu ya chumbani?"

"Mimi na simu wapi na wapi?"

Akaufuata waya kwa vidole, ukutani, chini ya mlango, hadi chumbani. Mama alikuwa amekaa kitandani, mkonga wa simu mapajani, ameufunika kwa upindo wa shuka.

"Mama! Umeondoa mkonga, ndiyo maana haiunganishi!"

"Najua. Baba yako alitufokea miaka mingapi kwa kosa hili?"

"Sasa kwa nini?"

Mama akaupapasa ule mkonga. "Huko aliko, mwanangu bado ana baba. Mwache akae naye kidogo."

Binti akarudi kuizima kompyuta.

Leo ni Ijumaa. Modemu ni nzima, na barua haijatumwa.