Leso ya Bibi Hariklia

Leso ya mkononi ilikuwa imelazwa juu ya karatasi nyeupe, imegeuka rangi ya chai. Myrofora aliitambua kabla hajakaa.

"Iguseni tu," alisema mwanamke wa ofisi ya waliopotea vitani. "Tuliikuta kaburini, kule bondeni. Kaburi la mtu mmoja, mwanamume kijana. Leso ilikuwa imetandazwa usoni."

Myrofora aliigusa. Kitani cha kale, nyuzi zimechomolewa moja moja, mapengo yakajazwa kwa sindano mpaka likatokea pambo la mto unaopinda mara sita. Wanawake wengine wa Lefkara, kijiji chao, waliupinda mara nne. Sita ilikuwa ya bibi yake, Hariklia. Leso hiyo ilikaa kwenye sanduku la mahari mpaka kiangazi cha vita, kaka wa Myrofora, Kleanthis, alipotoweka.

Alingoja machozi. Hayakuja. Aliona tu kwamba kucha zake zimerefuka.

Kando yake alikaa mama yake, Theognosia, miaka tisini na mmoja, macho yameingia ukungu. Kwa miaka arobaini na mitano alikuwa akisema Kleanthis atarudi. Alianza kusema hivyo Myrofora alipokuwa na miaka saba, amegoma kula siku ya tatu kwa kumlilia kaka.

"Si ya kwetu," alisema Myrofora.

"Una hakika, dada? Bila jina atabaki namba."

"Nina hakika."

"Hebu nami." Mama alinyoosha mkono. Kidole gumba kilipita juu ya mapindo, taratibu, kikafika mwisho. "Kazi ya vijiji vya chini hii. Wale hata kifungo hawajui kushona."

Walitia saini. Myrofora alimshika mama kiwiko wakashuka ngazi, akamfunga mkanda, akawasha gari. Moyoni hamkuwa na kitu. Alijiambia amefanya vyema: mama atakufa akiwa bado anangoja, na kungoja ndiko kulikomweka hai.

Walipofika njia panda ya kupandia Lefkara, Theognosia alimgusa goti.

"Umedanganya kwa ajili yangu."

"Mama, ile leso..."

"Geuza gari, mwanangu, ukawape jina lake. Nilimfunika uso mimi mwenyewe, kabla sijamwagia udongo."