Masikio ya Ambwene

Siku hizi ofisa elimu akimnyima shule mtoto mwenye usonji, sheria humvika kifaa cha kumfanya asikie kama mtoto huyo anavyosikia, mpaka shule ipatikane. Bwana Mwasyoge, ofisa elimu, alimnyima Ambwene shule mbele za watu: "Mama, huyu kamfundishe kulisha kuku." Tusekile, mama wa mtoto huyo, hakusahau hata neno moja. Ofisa alipovikwa kifaa, Tusekile alijifunga kitenge kipya akaenda nyumbani kwa ofisa huyo kumcheka.

Akamkuta chini ya meza, blanketi kichwani.

"Haya, bosi! Kuku wameshiba?" alifoka, akipiga makofi.

"Mama Ambwene, nakupigia magoti. Redio, bomba, hata bodaboda za nje nimeanza kuzizoea. Sauti yako ndiyo inanichana."

"Acha maigizo! Umeyataka mwenyewe!"

Mwasyoge akaziba masikio, akajitikisa mbele na nyuma huku akilia, vilevile kama Ambwene afanyavyo kila mama yake anapomwita kula.

Tusekile akaondoka bila kuaga. Jioni ugali ulipoiva, alisimama mlangoni mwa chumba cha mwanawe, mdomo wazi, akashindwa kumwita.