Kumbikumbi wa Kwanza

Hapo zamani chura hakuwa akifumba macho anapomeza.

Vuli ilipoanza, Mzee Chura, mwenye njaa ya kiangazi kizima, aliketi mlangoni pa kichuguu, mdomo wazi. Akatoka kumbikumbi mmoja.

"Shikamoo babu! Kumbe dunia ni nzuri hivi?"

"Marahaba, mjukuu. Sogea nikuone vizuri."

"Najua utanila. Lakini nina siku moja tu ya kuruka. Tazama juu kwanza, tumshukuru Mungu pamoja."

Chura akainua macho. Juu ya vichuguu vyote mabawa yaling'aa kwenye jua la baada ya mvua.

"Kumbe ndiyo vuli hii ninayoila miaka yote!" akanong'ona.

Akaamua kwamba kila mwaka kumbikumbi wa kwanza apite, na yeye mwenyewe, tumbo likinguruma, akakaa mlangoni kuwazuia mijusi. Na tangu siku hiyo, kila anapomeza, chura hufumba macho ayaone tena mabawa yale.