Shubiri Moja ya Mninga

Bi Sikudhani aliingia dukani na ubao wa mninga kwapani. Nasoro, mwenye duka, akampangia mezani msumeno wa umeme, drili na randa ya umeme. Uwezo wa Sikudhani ulikuwa wa kununua mashine moja tu.

"Nijaribie randa kwenye huu," alisema. "Marehemu baba aliupiga randa ya mkono miaka mingi, ukamshinda. Nyuzi zake zimejisokota."

Nasoro aliubana ubao, akawasha mashine. Randa ikanguruma, maranda yakarukia mtandio wa Sikudhani. Palipokuwa na mikwaruzo ya randa ya baba yake pakafunguka wekundu mzito, na mistari ya mti ikatiririka kama maji yanayozunguka jiwe. Sikudhani alisahau kupumua.

"Kumbe ndivyo ulivyo," aliuambia ubao. Kisha akainua mkono. "Zima."

"Imebaki shubiri moja, dada. Namalizia."

"Hiyo iache."

Mlio ulipokatika, duka zima lilinukia mninga. Sikudhani aliweka kiganja kimoja penye ulaini, kingine juu ya mikwaruzo iliyosalia, akafumba macho.

"Nikufungie randa hii?" Nasoro aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nifungie," alisema, lakini hakuondoa mkono hata mmoja.