Muhanga Aliyeosha Kucha

Hapo zamani za juzijuzi alikuwepo Muhanga, fundi wa kuchimba mashimo, amechoka kuliko jembe la kuazima. Kiangazi kizima hakupata kazi.

"Ndugu yangu," Kasuku akamwambia, "siku hizi kazi haikufuati shimoni. Posti mtandaoni, ujulikane!"

Basi kila kulipokucha Muhanga akaosha kucha, akajipiga picha, akaandika: "Somo nililofundishwa na udongo." Pongezi zikamiminika, zote za wachimbaji wenzake wasio na kazi, naye ikambidi awapongeze mmoja mmoja hadi macho yakamwuma. Shimo lake mwenyewe likabomoka, asipate nafasi ya kulizibua.

Masika yakakaribia. Ngiri akaja mbio, mkewe mjamzito, anatafuta wa kumchimbia nyumba.

"Bwana Ngiri, fundi ni mimi! Hujaona posti zangu?"

Ngiri akazitazama kucha zinazong'aa. "Simu sina, kijana. Ila mchimbaji mwenye kucha safi ni kama mpishi asiyenukia moshi." Akamwita Nungunungu, aliyekuwa akipita na matope hadi puani.

Muhanga akapiga mwayo mrefu, akaandika: "Somo nililofundishwa na Ngiri." Wenzake wakampongeza kabla hajamaliza, na mvua ikaanza kumnyeshea.